Wimbo Ulioibwa Edani

Mimi ule wimbo wa viatu siuimbi, na anayetaka kununa na anune. Nimeombwa maharusini, nimeombwa na wageni waliotoka Lamu na Unguja, nimeombwa hata na mwanamke mmoja aliyenishika mikono yote miwili akalia, ati ndio wimbo uliompoza alipofiwa. Nikamwambia, dada, nashukuru, lakini leo utapozwa na mwengine. Watu wakaona naringa. Wengine wakasema ni wivu, kwa sababu wimbo ule sikuutoa mimi, aliutoa msichana mwengine, na kaseti yake ikavuma kuliko zangu zote. Haya, leo nitasema, maana wengi wa wenyewe wameshatangulia mbele ya haki, na mimi mwenyewe meno yameanza kuniaga.

Niliimba tangu utotoni, lakini aliyenifanya mwimbaji ni somo yangu. Kwetu Mombasa msichana akivunja ungo hutafutiwa somo, mwanamke mtu mzima asiyekuwa mamake, amfunze yale mama anayoyaonea haya. Somo hukufunza usafi, hukufunza unyumba, siku ya harusi yako ndiye anayekaa karibu na chumba, na ukigombana na mume ndiye wa kwanza kuambiwa. Mama unaweza kumficha mambo. Somo humfichi kitu. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata yangu ilikuwa yeye.

Alikuwa mwanamke mrefu, ana jino la dhahabu, na mdomo wake, we! Akisema nawe huku ajipepea na ncha ya leso, ujue umekwisha. Aliongoza kikundi cha wanawake wanaopiga vugo, zile pembe za nyati, harusini, na alikuwa na sikio ambalo sijaona mfano wake mpaka leo. Wimbo akiusikia mara mbili ameushika, maneno na mahadhi, hauachii tena. Ndiye aliyenishika mkono akanipeleka kwa wapiga muziki nikiwa bado nachezea nywele zangu kwa haya, akawaambia, "Msikilizeni huyu, kisha mniambie mtanilipa nini kwa kuwaletea." Walicheka. Nilipoimba wakaacha kucheka.

Miaka ya mwanzo ya tisini nilikuwa mtu, bwana. Kaseti yangu ilikuwa na picha yangu, nimefunga kilemba cha rangi ya zambarau, na ilikuwa ikilia kutoka Kibokoni mpaka Majengo. Wanawake wakinitunza mpaka mapambo ya kichwa yananidondoka kwa noti. Nikenda sokoni Mackinnon kununua ndizi, muuzaji huniimbia wimbo wangu mwenyewe, tena anakosea maneno. Nilifurahi, sisemi uongo. Sauti ni neema, na nilimshukuru Mola kwayo hata siku ambazo watu wa dini walinitazama kwa jicho la pembeni.

Mume niliyempata alikuwa karani kule Liwatoni, kwenye bandari ya samaki. Kazi yake kupima samaki wanaoshushwa. Hakuwa mtu wa muziki, hata kupiga makofi akipitwa na ngoma. Mamake, mavyaa yangu, ni wa nyumba kubwa za Mji wa Kale, watu wa kusema babu wa babu yetu alijenga ukuta huu. Aliposikia mwanawe anataka kunioa alisema neno moja likazunguka mtaa mzima: "Mwimbaji huazimwa, haolewi." Mume wangu akamjibu kwa adabu zake zote, "Basi, mama, mimi nimeazima na sirudishi." Tukaoana. Tukakaa ghorofa ya juu ya nyumba ya mavyaa, na mavyaa akakaa chini, na kwa miaka mingi salamu zake kwangu zilikuwa fupi. Isitoshe sikumzalia mjukuu. Yeye mwana wake alikuwa huyo mmoja tu.

Sasa nieleze hivyo viatu. Mume wangu akirudi kazini alikuwa ananuka papa na ng'onda, na viatu vyake ndivyo vilivyokuwa vibaya zaidi. Akavivua chini ngazini, asivipandishe juu. Tena hakuwa na subira ya kuvifungua, alivikanyaga visigino tangu skuli, akavigeuza viatu vya ngozi kuwa ndara. Mavyaa alimgombeza kwa hilo tangu ana miaka saba. Akishavivua hupanda ngazi akikohoa kidogo ili nijue anakuja, na mimi nishamtilia kahawa chungu kwenye kikombe, bila sukari, kwa kuwa sukari alikuwa nayo ya kutosha mwilini.

Hiyo sukari ndiyo iliyomla. Ilianza mguuni, ikapanda. Mwaka wa mwisho niliacha kuimba kabisa, maana nani angemsafisha kidonda? Wapiga muziki waliniuliza mara mbili tatu, kisha wakanyamaza. Fedha zikaisha, dhahabu yangu ikaenda kwa sonara pale Mtaa wa Biashara kipande baada ya kipande, na maji wakati ule mfereji ulikuwa umekauka, tukinunua kwa wachota maji wa mikokoteni. Somo yangu hakuniacha. Hilo nalisema kwa haki yake, kwa kuwa sipendi kumdhulumu hata aliyenidhulumu. Alikuja kutwa kucha, akifua, akipika, akimgeuza mgonjwa kitandani pamoja nami. Mume wangu akafa mikono yetu ikiwa imemshika.

Nikaingia eda. Miezi minne na siku kumi, nguo nyeupe, hakuna wanja, hakuna hina, hakuna manukato, hakuna kutoka. Nilihamia chumba cha chini, karibu na mavyaa, na yeye akaleta godoro lake akaliweka kando ya langu. Baada ya khitma, wageni walipopungua, akanishika kichwa akaniambia, "Sasa huna mume na mimi sina mwana. Wewe ndiye mwanangu. Ile sauti uliyoiweka kwa watu, sasa iweke kwa Mola wako." Nikamwambia, "Inshallah, mama." Na wallahi nilisema kwa moyo. Mwanamke aliyeninyima salamu miaka yote, leo analala karibu yangu na kunifunika shuka alfajiri! Nilisoma Yasini mpaka nikawa naiota. Nilikuwa sina mama, sina baba, sina nyumba ya kurudi. Nilikuwa na yule bibi.

Viatu vya marehemu vilikuwa bado ngazini. Hakuna aliyeweza kuviondoa. Mavyaa alivipita akaangalia pembeni, na mimi nilikuwa navitazama kutoka pale mlangoni pa chumba changu. Basi siku moja baada ya adhuhuri, mavyaa amelala, somo yangu amekaa nami anachambua mchele, nikajikuta nasema maneno kwa sauti ya chini, na sauti ikayachukua.

*Viatu vi mlangoni, mvaaji yuko wapi?*
*Kahawa iko mekoni, na mnywaji yuko wapi?*
*Kakanyaga visigino kwa haraka ya kurudi…*

Nikaziba mdomo. Astaghfirullah, mwanamke wa eda aimbe! Nikamtazama somo, nikidhani atanikanya. Mchele umesimama mkononi mwake, machozi yanamtoka. Akasema, "Rudia."

Nikarudia. Ningemwimbia nani mwengine? Haikuwa kuimba kwa kujifurahisha. Watu wengine hulia kwa macho, mimi Mungu kanipa koo. Kila alasiri mavyaa akilala, mimi humpa somo ubeti, kwa sauti ya kunong'ona, polepole, maana wimbo wenyewe ulikuwa unakwenda kwa mwendo wa mtu anayepanda ngazi na mguu mbovu. Tukilia sote wawili. Kisha yeye hunipangusa uso kwa leso yake, akaniambia, "Utoe, mwari wangu, usiuweke tumboni ukakuozea." Nilimpenda sana mwanamke yule.

Ulikuwa mwezi wa harusi, wakati ule watu wanapokimbilia kuoza kabla ya Ramadhani kuingia. Chini ya dirisha langu palikuwa na fundi cherehani, ana redio kaseti lake kubwa, na kutwa analipiga. Alasiri moja nimeketi nachagua dengu, nikasikia kinanda, ngoma, makofi, muziki wa kurukaruka wa kuchezea. Kisha sauti ya msichana: *Viatu vi mlangoni, mvaaji yuko wapi?*

Nilidhani nimeingiwa na wazimu. Nikakamata nondo za dirisha. Ndio ule ule, neno kwa neno, isipokuwa wameuharakisha kama mtu anayefukuzwa, na katikati wanawake wanapiga vigelegele. Vigelegele! Pale kwenye kahawa, pale hasa! Na mwisho wametia ubeti nisioujua:

*Nangoja huku Likoni, feri haijamleta.*

Sauti ile niliijua. Alikuwa mpwa wa somo yangu, binti mdogo niliyempa mwenyewe kilemba changu siku alipoanza kuimba. Simlaumu, alipewa akaimba. Nilipogeuka nikalipiga sinia teke, dengu zikamwagika zote, na mavyaa akauliza kutoka chumba cha pili, "Nini, mwanangu?" Nikasema panya.

Siku ile ile somo akaja, na bakuli la tambi limefunikwa kawa, "Hodi, hodi, wenyewe mpo?" kama kawaida yake. Nikangoja mpaka mavyaa akatoka kwenda kutawadha. Nikamwambia, "Somo, nimesikia."

Hakujifanya hajui. Akaketi, akachukua ncha ya leso, akaanza kujipepea.

"Wapiga muziki hawakuwa na wimbo mpya," akasema. "Msimu huu ungewapita, na yule mtoto angepitwa nao. Nami ule wimbo ulikuwa hauniachi, usiku na mchana. Ningefanyaje?"

"Ungeniuliza."

"Nikuulize nini, na wewe umo edani? Mwenyewe si ulimwambia mavyaako kwamba wewe na nyimbo mmeachana? Basi, mke akiachwa, eda ikesha huolewa na mwengine."

"Eda yenyewe haijesha, somo," nikamwambia. "Na yule ni mume wangu mnayemchezea."

Hapo akaacha kujipepea. Akanisogelea, akashusha sauti. "Nimekusitiri, hujui tu. Nimetia ubeti wa Likoni ili mtu asijue umetoka chumba hiki. Sasa nenda kaseme ni wako. Kawaambie watu uliimba na nguo nyeupe mwilini, kaburi la mumeo halijakauka. Mwambie huyo bibi anayekufunika shuka. Tuone atakwambiaje."

Mavyaa akaingia, mikono yake yadondoka maji. Somo akamgeukia na tabasamu lake la dhahabu, "Masalkheri, mama, nimewaletea tambi." Nami nikala. Mungu ni shahidi, nilikula tambi zile, kwa sababu nisingekula mavyaa angeuliza.

Sasa kama mambo yangekomea hapo, ningeyameza. Wimbo ni wimbo. Lakini jirani yetu akamwoza binti yake, na mavyaa hakuweza kukosa, ikawa lazima akae saa moja, ale pilau, atoe mkono. Alikwenda kwa kujikokota. Aliporudi alikuwa mtu mwengine. Alisimama mlangoni na buibui lake hajalivua, kifua kinampanda na kushuka, nikadhani ameugua.

"Mwanangu," akaniambia, "nikikuuliza utaniambia kweli?"

Nikajua amejua. Nikasema, "Ndio, mama."

"Mume wako alikuwa na mke mwengine?"

Akaketi juu ya godoro langu, akanishika goti, na maneno yakamtoka kwa wingi. Amesikia wimbo. Unaimba viatu vya mwanawe, vile alivyovikanyaga visigino, jambo alilomgombeza maisha yake yote. Unaimba kahawa chungu. Wimbo ule, akasema, ameutunga mwanamke aliyelala na mwanawe, aliyemvulia viatu. Na mwanamke mwenyewe yuko ng'ambo, Likoni, anasema mwenyewe kwamba anangoja feri.

"Si wewe," akasema, akanipapasa mkono. "Wewe uko hapa na mimi, mdomo wako hautoki kwenye Yasini. Wewe nakujua."

Hilo ndilo lililonifunga ulimi. Lau angenishuku kidogo tu, ningesema. Nikajaribu kusema kwamba visigino hukanyagwa na watu wengi. Akanikata. "Usinifiche kwa kunihurumia, wala usiwe na wivu, marehemu haonewi wivu. Ndoa za siri tumezaliwa tumezikuta, hata babake alikuwa nayo moja, Mungu amrehemu." Kisha akasema kwa sauti ndogo, na uso wake ulikuwa umefunguka kama sijawahi kuuona, "Huenda yuko mtoto."

Kesho yake akamwita somo yangu. Aliona yeye ndiye wa kuulizwa, maana mwimbaji ni mpwa wake. Nami nilishukuru. Nikasema moyoni, sasa ataona mambo yamefika wapi, atasema ukweli, au walau atasema uongo wa heri, aseme maneno ameyatunga yeye mwenyewe na mambo yaishe. Neno moja tu. Nilikaa pale pale, kwenye nguo zangu nyeupe, namtazama usoni.

Mavyaa akamuuliza, "Maneno ya ule wimbo mmeyapata kwa nani?"

Somo akanitazama. Akatazama sakafu. Akasema, "Aliyeyatoa hataki kujulikana, mama. Na Mungu ni mwenye kusitiri."

"Ni mwanamke?"

"Ni mwanamke."

"Yuko Likoni?"

Nilimtolea macho. Nilitikisa kichwa, waziwazi, mavyaa angegeuka angeniona. Somo akajikaza leso kiunoni na kusema, "Ubeti si umesema, mama?"

"Ana mtoto?"

"Hilo sikumuuliza."

Sikumuuliza! Mwanamke aliyekaa nami kitandani miaka yote nikilia kila mwezi kwa kukosa mimba. Aliyenipeleka kwa waganga na kwa masheikh, aliyenifukiza, aliyeninywesha makombe, aliyejua jina nililomwekea mtoto ambaye hakuzaliwa. Angesema "hana" angekuwa amesema uongo mmoja tu. Akauacha mlango wazi, ili mavyaa apite, yeye asishikwe na wizi wake. Alipoondoka hakuniaga. Na mimi kwa hasira niliuma leso yangu mpaka nikaitoboa.

Mavyaa akaanza kwenda Likoni. Magoti yake yalikuwa mabovu, ngazi za barazani petu tu alizishuka kwa kukaa kitako, lakini asubuhi huvaa buibui, akachukua mkoba wake, akapanda gari mpaka feri, akavuka. Alikwenda huko akiuliza nini, sijui. Nadhani aliuliza wanawake wa Likoni kama wanamjua karani mmoja wa Liwatoni aliyekanyaga visigino. Alirudi adhuhuri, miguu imejaa vumbi, nami nikamkanda kwa maji ya moto na chumvi. Hakukasirika. Akinipa khabari kana kwamba sote wawili tunatafuta: leo kuna mwanamke kaniambia nirudi kesho, leo nimeona kijana ana masikio yake kabisa, kumbe ni wa watu.

Nikamtumia somo salamu, aje. Nikajibiwa mguu unamuuma. Nikatuma tena, nikamwambia, neno umelisema wewe, njoo uliondoe. Nikajibiwa ana harusi. Mara ya tatu sikujibiwa, na kutoka dirishani kwa fundi cherehani wimbo wangu unanijia kutwa mara sita mara saba, hata watoto wa chuo cha Kurani wakipita wanauimba. Nilikuwa na somo tangu sijajua kujifunga leso, akanitoka hivyo, kama mtu anayeshuka feri. Nilimwomba Mola anionyeshe njia, nikasujudu mpaka paji la uso likaniuma. Njia niliyoonyeshwa sikuipenda.

Siku ile mavyaa alirudi mapema. Nikamvua buibui, nikamkanda miguu. Alikuwa amechoka, lakini ana furaha ya ajabu. Akaniambia, "Nimefikiri. Tukimpata mtoto, atalala chumba hiki, kwako. Mamake kama atataka kumzuia tutazungumza naye kwa wema. Lakini wewe ndiye utakayemlea. Mtoto wa mumeo ni wako, usijione mgeni. Mwanangu, Mungu hakukunyima, alikuwa amekuwekea ng'ambo."

Basi. Nikaacha kumkanda. Nikajipangusa mikono kwa nguo yangu nyeupe, nikamwambia, "Mama, nisikilize."

Sikuwa na maneno ya kumwambia. Ningesema ni wangu, angesema namhurumia. Nikaimba. Mchana kweupe, sauti yangu yote, sijaitumia mwaka na zaidi, imekwaruza. Niliimba kwa mwendo wake ule wa mtu anayepanda ngazi na mguu mbovu. Niliimba viatu, nikaimba kahawa, nikaimba visigino, nikaimba beti ambazo somo hakuzitoa kwa kuwa hazichezeki, ule wa kidonda, ule wa kumwosha, ule wa kikohozi chake cha ngazini ambacho hakuna mtu mwengine duniani aliyekijua ila sisi wawili wa nyumba ile. Nje fundi akazima redio. Sikuimba Likoni wala feri.

Mavyaa alinisikiliza mpaka mwisho. Nilingoja anifukuze. Nilikuwa nimeshahesabu akilini nguo zangu ni zipi na nitalala kwa nani. Angesema niliimba edani, angesema damu ya ngoma haitoki, angesema lile neno lake la zamani la kuazimwa. Yote nilikuwa na jibu lake.

Hakusema hata moja. Aliitoa miguu yake kwenye beseni, akaiweka juu ya mkeka, imelowa.

"Kwa hiyo hakuna mwanamke," akasema.

"Hakuna, mama."

"Na hakuna mtoto."

"Hakuna."

Kisha akaniuliza, kwa adabu, kama mtu anayeuliza dukani kitu alichokwisha ambiwa hakipo, "Hata wa kike?"

"Hata wa kike, mama."

Somo yangu aliniibia wimbo, na wimbo ningetunga mwengine. Alinigeuzia mume wangu kuwa ngoma ya kuchezea watu, na hilo nalo ningelisamehe kwa sababu ya mikono yake iliyomgeuza kitandani. Lakini swali lile la mtoto aliulizwa yeye, na yeye ndiye aliyepaswa kulijibu. Aliniachia mimi kulijibu, na bibi yule akinitazama.